Kama Shati Linalosubiri Pasi

3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U hali gani? Magoti yako yanasemaje na baridi hii, na duka la viatu linakwendaje? Mimi sijambo kwa neema ya Mungu, naamka, nasali, nawasha pasi, siku inakwenda.

Kwanza nikushukuru kwa kumwangalia mdogo wako hospitalini. Tangu alipoteleza kwenye sabuni yake mwenyewe pale uwanjani akavunjika paja, wewe ndiye macho yangu huko mjini kwenu. Nasikia mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito kama mizani ya dukani, na daktari kasema asikanyage sakafu mpaka mfupa ushikane, la sivyo atachechemea maisha yake yote. Mume wangu unamjua. Nyumba ikivuja tone moja atatoka kitandani na kamba zake.

Ndiyo maana jambo hili nakuambia wewe, na ulibane mdomoni kama fundi cherehani anavyobana pini.

Uwanja wetu wa kuoshea magari uko mashakani. Mwenye uwanja, unamkumbuka, ni yule Mama Mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Ana lile gari jekundu aliloachiwa na marehemu mumewe, gari la mbio la viti viwili, halina paa. Lilikuwa na paa la turubai likaoza, likatolewa, basi. Viti ni vya ngozi ya rangi ya maziwa, chini zulia. Mwezi huu, Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, anamwoza mjukuu wake, na kaapa kumpeleka kanisani yeye mwenyewe, usukani mkononi. Kulisafisha gari hilo ilikuwa kazi ya mume wangu siku zote. Sasa yuko kitandani.

Akatokea Bwana Pampu, jirani yetu mwenye ile mashine ya kurusha maji. Kaenda kwa Mama Mkunga, kamwambia, "Mzee Kitambaa amekwisha, nipe mimi uwanja." Na huyo ndiye aliyemwoshea bwana harusi gari mwaka jana huku dirisha likiwa wazi, kijana wa watu akasimama mbele ya mchungaji suruali imelowa nyuma. Mimi nilikuwa kwaya, sauti ya pili. Nilimeza ubeti mzima.

Nilipopata habari nikaenda mwenyewe kwa Mama Mkunga. Nikamkuta Pampu amekaa, kikombe mkononi. Nikasema, "Mama, gari hili limesafishwa na nyumba yetu miaka yote. Na safari hii litasafishwa na nyumba yetu."

"Na nani? Mumeo kafungwa kamba."

"Na mimi."

Pampu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Mama Pasi," akasema, "gari si shati."

"Ndiyo maana sitalianika," nikamjibu. Wifi, sijui maneno yale yalitoka wapi.

Mama Mkunga akatuangalia wote wawili kama anayepima nani atajifungua kwanza. Akasema, "Haya. Mama Pasi atangulie. Gari likitoka linang'aa na viti ni vikavu, uwanja unabaki kwenu. Nikikuta tone moja kitini, Pampu ahamie Jumatatu."

Ndivyo ilivyo. Nikishindwa, mume wangu atarudi na mguu mzima asiwe na pa kuusimamisha. Na mimi, wifi, maisha yangu yote nimefua na kupiga pasi nguo za watu. Gari nimelifuta vioo tu. Simu yake ilizama kwenye ndoo siku ile ile aliyoanguka, na afadhali, maana kwenye simu angeisikia sauti yangu akajua. Barua haitetemeki. Dereva wa mikate kakubali kutupelekea kila anapokuja kwenu.

Uniombee, na usimwambie.

Wifi yako,
Mama Pasi

*

3 Machi

Mume wangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Unaendeleaje? Je, unakula, au unawarudishia wauguzi sahani kama unavyonirudishia mimi mboga? Hapa kote ni salama. Uwanja upo, ndoo zako nimezifunika mdomo chini, na vitambaa vyako nimevifua vyote, hata kile cha kijani ulichosema nisikiguse. Kilikuwa kinasimama chenyewe.

Nina swali la kupoteza muda tu. Juzi nilimwona Mama Mkunga kwenye ibada nikalikumbuka lile gari lake. Hivi, wewe hulisafishaje bila kulowesha ndani? Tumeoana nikiwa na kiuno chembamba na hujawahi kunieleza. Nieleze basi, nikisoma nitajiona kama niko nawe.

Nakuombea kila asubuhi, kabla ya pasi kushika moto.

Mkeo,
Mama Pasi

*

6 Machi

Mke wangu, ubavu wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka jirani wa kitanda cha pili ameijua kwa moyo. Mimi sijambo, ila mgongo unawasha na mkono haufiki. Dada anakuja kila jioni kunigombeza, namshukuru Mungu kwa ajili yake, na namshukuru pia anapoondoka.

Swali lako limenifurahisha kuliko dawa zao. Miaka yote hii nilidhani kazi yangu kwako ni matope tu mlangoni. Sasa sikiliza.

Gari lisilo na paa ni kama mtoto mchanga. Humwagii maji kichwani, unampangusa. Mpira wa maji ufunge kabisa, usiutamani. Usilisafishe juani, sabuni itakauka kabla hujaifuta ikuachie ramani. Liweke kivulini, bodi ikiwa baridi mkononi. Anza na ndani kukiwa kukavu: toa vumbi kwenye mishono ya viti kwa brashi laini, kama unayemchana mgonjwa. Ukianza na maji, vumbi linageuka tope, na tope kwenye ngozi ya rangi ya maziwa halisahau.

Halafu nje. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kilichotoka kwenye gari hakirudi kwenye sabuni kabla ya kuungama kwenye maji safi. Teremka kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, na kila kipande ukikaushe kabla ya kuhamia kingine. Magurudumu mwisho, na vitambaa vyake viwe peke yavyo, maana mchanga wa tairi ukiupandisha kwenye bodi unachora kama paka.

Kuna siri moja ya namna ya kuvilinda viti. Hiyo sijamfundisha mtu. Muuguzi ananiita nigeuzwe. Nitakuambia barua ijayo, wewe si mtu, wewe ni mimi.

Mumeo akupendaye,
Mzee Kitambaa

*

9 Machi

Mume wangu,

U hali gani leo? Mgongo mwombe muuguzi yule mpole akukune, usimwombe yule mwenye kucha.

Barua yako nimeiweka ndani ya Kitabu. Nimecheka hapo kwenye kitambaa kuungama. Lakini umeniacha njiani. Siri ya viti ni ipi? Nakuomba uiandike mara tu upatapo hii, usichelewe, na uieleze hatua kwa hatua. Kitu gani kinawekwa, kinawekwa wapi, kinashikwa na nini. Dereva anapita kesho kutwa, mpe yeye.

Kila kitu ni salama.

Mkeo

*

12 Machi

Mama Pasi,

Nimepata barua yako. Mimi naendelea.

Umeuliza viti hulindwaje. Vifunike kwa mablanketi mazito ya sufu, mawili mawili, mpaka juu. Maji hayatapita. Ndiyo siri yenyewe, hakuna nyingine.

Dereva wa mikate ananiambia chai ya nyumbani kwangu siku hizi inanywewa sana, na kwamba Bwana Pampu amekaa kwenye kiti changu na kikombe changu. Sikuuliza, alisema mwenyewe. Namtakia shibe njema.

Ni mimi,
Mzee Kitambaa

*

14 Machi

Wifi yangu,

Salamu, na pole kwa magoti.

Ndugu yako kaniandikia barua ya baridi kama sakafu ya hospitali. Hakuna mpenzi, hakuna ubavu. Na yote kwa sababu ya kikombe cha chai. Ni kweli Pampu alikuja. Alikuja kunishawishi nijitoe, eti atanipa kona ya uwanja niuzie maji ya kunywa. Nilimpa chai, kwa sababu mgeni hafukuzwi na kiu, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia hapana. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu kwa sababu kingine kina guu bovu. Sasa nitamwelezaje mwenyewe kwamba Pampu alifuata nini, bila kumwambia habari ya uwanja? Nimekaa kimya. Mungu anajua moyo wangu, na mume wangu atajua wakati wake.

Ila kuna jambo limenishangaza zaidi. Anasema viti vifunikwe kwa blanketi la sufu. Wifi, mimi ni dobi. Blanketi ni kama mgeni mlafi: linakunywa, linakunywa, halafu linatapika pale pale lilipokaa. Nikadhani labda lina namna yake nisiyoijua, maana gari ni lake yeye. Basi nikajaribu.

Gari la kujaribia sina, nikachukua toroli. Toroli nalo halina paa. Ndani nikaweka mto, juu ya mto nikaiweka ile kofia yake ya ibada, ili nikikosea nijue nimekosea kweli. Nikafunika blanketi, nikaosha toroli kwa nje kama alivyoelekeza. Nilipofunua, blanketi lilikuwa limelowa mpaka chini, na kofia ya mume wangu inaweza sasa kuvaliwa na mdoli. Usimwambie hilo pia.

Nadhani ni zile dawa za maumivu zimemchanganya. Maskini. Nimeamua kusali na kutumia akili ya kazi yangu.

Na hapo ndipo Mungu akanifungua macho. Nilikuwa napiga pasi shati, nimelinyunyizia maji kidogo nikalikunja, kama ninavyofanya siku zote, lipate unyevu sawasawa. Nikaligusa. Shati linalosubiri pasi si bichi wala si kavu. Ukilikamua halitoi tone, lakini ukilipitisha kwenye vumbi linalichukua lote. Nikajiuliza, kwa nini kitambaa cha gari kiwe kimelowa kuliko shati? Maji yanayodondoka ndiyo adui. Kitambaa kisichodondosha hakina adui wa kumpeleka kitini.

Nikarudi kwenye toroli. Safari hii ndani nikatandika nailoni, ile ninayofunikia suti za wateja, nikaibana kwa vibanio vya nguo ukingoni kote. Kwenye ukingo wenyewe nikalaza taulo lililoviringishwa, liwe boma. Kofia imeshaharibika, nikaweka karatasi ya kitabu cha nyimbo, maana karatasi haina siri, tone moja inajikunja. Nikaosha kwa vitambaa vyenye unyevu wa pasi. Karatasi ikatoka imenyooka kama ilivyotoka dukani.

Nimeshaliosha toroli hilo mara nyingi sasa hata majirani wanauliza linaolewa lini.

Niombee siku ya Ijumaa na Jumamosi.

Wako,
Mama Pasi

*

20 Machi

Wifi yangu wa pekee,

Salamu za haraka. Magoti nimeyasahau leo, utajua kwa nini.

Jana jioni nimefika wodini nikamkuta mdogo wangu anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Dada, Pampu atakoma. Anamtumia mke wangu anichunguze kazi. Nimemwandikia wafunike viti kwa mablanketi. Mama Mkunga atakaa kwenye kidimbwi."

Nilimtazama mtoto wa mama yangu, wifi, nikaona jinsi mtu anavyoweza kuwa na mvi na asiwe na kitu chini yake. Nikamwambia, "Hilo gari halioshwi na Pampu. Linaoshwa na mkeo. Anaupigania uwanja wako, wewe umemtumia shimo alitumbukie." Najua uliniomba nifunge mdomo. Pini zilinitoka zote kwa pamoja.

Alibadilika rangi. Kisha akaanza kufungua kamba za mguu. Anasema atapanda lori la mikate, atakuja hata kwa mguu mmoja. Wauguzi wawili hawakumweza. Mimi nikachukua suruali zake, zote mbili, nikaziweka kwenye kiti nikazikalia. Nikamwambia, "Nenda basi, wodi nzima ikuone." Mpaka sasa hivi ninapoandika bado nimezikalia. Daktari kanishukuru.

Barua yake ameiandika usiku kucha na nimeifunga pamoja na hii. Namkimbilia dereva. Mungu aifikishe kabla hujalishika lile blanketi.

Wifi yako mzito, leo nashukuru kwa uzito huo

*

20 Machi

Mke wangu,

Sina salamu, nina magoti, na moja halipigiki.

Usitumie mablanketi. Nimekudanganya. Nilisikia kikombe cha chai nikajenga nyumba nzima ya wivu juu yake. Uliniuliza kwa haraka kiasi kile nikadhani kuna mtu amesimama nyuma ya bega lako. Kumbe aliyesimama nyuma yako ni mimi, na nilikuwa nakusukuma.

Siri ni hii. Tandika nailoni ndani, ibane, na ukingoni laza taulo lililokunjwa. Lakini hilo hata mjinga anaweza kulifikiri. Penye hatari ni mlangoni. Gari likishaonekana limekauka, kuna maji yamejificha kwenye ule ufa kati ya mlango na bodi, chini ya raba. Huyaoni. Yanasubiri ufungue mlango ndipo yamwagike kitini, ukiwa umeshatoa nailoni na unatabasamu. Hilo lilinikuta mimi mwaka wa kwanza. Usifungue mlango kabla hujapitisha kitambaa kikavu kwenye ufa wote.

Barua hii ikikuta umeshashindwa, usilie. Uwanja ni udongo tu. Nitakuja kuchochea mkaa wa pasi yako na nitakuwa mwanafunzi mtiifu. Ikikuta bado, Mungu akushike mkono.

Nisamehe. Wala usiniambie umenisamehe kwa sababu naumwa.

Mumeo asiye na suruali,
Mzee Kitambaa

*

22 Machi

Mume wangu mpenzi, ubavu wangu, baba wa wanangu,

Salamu nyingi sana, na unaendeleaje na mguu wako? Umetulia kitandani? Mwambie wifi asimame sasa, arudishe suruali, hakuna safari.

Barua yako na yake nilizipokea jana saa ambayo harusi ilikuwa inakwisha. Dereva wa mikate alikuwa amebeba mikate ya sherehe, akasahau bahasha chini ya trei, akanipa imepakwa siagi. Kwa hiyo ujue kwamba yote nitakayokueleza niliyafanya bila neno lako. Keti vizuri usome.

Ijumaa nilifika kwa Mama Mkunga asubuhi, kabla jua halijagusa banda la gari. Mkononi nimebeba ndoo mbili, brashi, nailoni yangu ya suti, vibanio, taulo, na vitambaa vyako vyote pamoja na kile cha kijani, ambacho sasa ni laini kama shavu. Nikapiga magoti kando ya gurudumu, nikasema, "Bwana, wewe uliyefanya njia kavu katikati ya maji, nitengenezee na mimi viti viwili tu."

Nikafanya kama ulivyonifundisha barua ya kwanza, ile uliyoandika ukiwa mume wangu. Vumbi kwanza, kwa brashi, mshono kwa mshono. Viti nikavipangusa kwa unyevu wa pasi, nikavikausha hapo hapo. Dashibodi, usukani, mpaka kile kijiti cha gia. Nikatandika nailoni. Nikainua boma langu la taulo. Halafu nje, juu kwenda chini. Kioo cha mbele nilikifuta huku nimekishikia taulo kwa nyuma, kama anayemshika mtoto kidevu akimnawisha. Kitambaa kiliungama mpaka maji yakabadilishwa.

Pampu alikuja na mashine yake, akaiegesha getini makusudi. Akasema, "Mama Pasi, unalibembeleza. Niache nilipige maji mara moja, tukapumzike." Nikamwambia, "Baba, ukitaka kupumzika kivuli kile pale." Akakaa. Mtu aliyekuja kukuona unaanguka huwa hana haraka, na mimi nikasema vizuri, awe shahidi.

Niliporudi Jumamosi asubuhi kufuta vumbi na umande, kwa kitambaa kile kile cha unyevu, gari lilikuwa linang'aa hata nikajiona nimekonda ndani yake. Ua lote likajaa wageni. Nikatoa vibanio, nikatoa taulo, nikaikunja nailoni kuelekea nje. Viti vikavu. Mama Mkunga akatokea amevaa hariri ya kijivu. Wewe huijui hariri, mimi naijua. Hariri haitunzi siri. Tone dogo kama punje linaandika doa, na doa halikauki mbele ya watu.

Pampu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Haya, mfungulie mwenye gari akae tuone."

Nikashika kitasa. Nakuambia, mume wangu, mkono ulikuwa umeshakunja. Halafu kitu kikanizuia. Nikakumbuka suti. Suti ikitoka kambani unaigusa kifuani, kukavu; mgongoni, kukavu; ukimkabidhi mwenyewe anarudi kesho analalamika, kwa sababu maji yalikuwa yamelala kwenye pindo. Siku zote nguo inaficha maji pale ilipokunjwa. Nikautazama ule mlango nikaona ule ufa, nikasema moyoni, na wewe pindo lako ni hili.

Nikaachia kitasa. Nikachukua kitambaa kikavu, nikakinyoosha kama utepe, nikakipitisha ufani kwa kucha, kuanzia juu mpaka chini, chini ya raba. Pampu akasema, "Sasa hapo kuna nini?" Nikakitoa, nikakikamua mbele ya viatu vyake. Maji yakatiririka, ya jana na ya umande.

Wazee wakasema "Ehee" kwa pamoja kama kiitikio. Nikaenda mlango wa pili, nikafanya vile vile. Ndipo nikafungua.

Mama Mkunga akaingia kiti cha bibi harusi. Akakaa. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akaegemea mpaka mwisho, kama anayekitafutia kitanda kosa. Mimi nilikuwa naomba bila maneno. Akasimama, akatugeuzia mgongo, akasema, "Haya, niangalieni nyuma. Nyinyi mliozaliwa mikononi mwangu, semeni kweli."

Tukaangalia wote, mchungaji naye akaangalia kidogo kwa heshima. Hariri ilikuwa ya kijivu kutoka shingoni hadi kisiginoni. Hakuna doa.

Sikupiga kelele, unanijua. Ila nililia nikafuta machozi kwa kile kitambaa cha kijani, na nina habari kwako: hakinuki tena.

Mama Mkunga akasema, "Uwanja una mwenyewe." Akampandisha mjukuu wake, gauni jeupe likajaa mpaka dirishani, akapiga honi, akaondoka kwa mwendo wa mkunga aliyechelewa kuzalisha. Nilimwona bibi harusi akiingia kanisani. Nilikuwa juu kwenye kwaya, namwona kwa nyuma. Gauni jeupe lote. Safari hii ubeti niliuimba wote, na sauti ya kwanza wakaniachia njia.

Pampu alinifuata baada ya ibada. Akasugua kidevu, akasema, "Mama Pasi, nikija kuoa, gari utaliosha wewe." Nikamwambia aanze kwa kutafuta mchumba, gari tutaona. Nimemwambia pia kwamba malori yenye tope zito nitamwelekezea yeye, kule mashine yake ina faida. Usinune. Mtu akishashindwa mbele ya wazee wote, kumwongezea ni dhambi.

Sasa barua yako. Niliisomea nyuma ya kanisa, siagi imenitia mafuta vidole. Nilipofika penye mablanketi nilikasirika, sikufichi. Kikombe cha chai, mume wangu, na mimi niliyekesha na homa zako zote. Lakini nikafika pale penye ufa wa mlango, yale maji yanayosubiri utabasamu, nikaketi chini. Siri uliyoipata kwa mwaka mzima wa aibu, mimi niliipata kwenye pindo za suti za watu. Kumbe tumefanya kazi moja miaka yote hii, wewe uwanjani mimi chumbani, na hatujaambiana. Hapo hasira ikanitoka. Nimekusamehe, na si kwa sababu unaumwa. Na mimi nimekuficha habari ya uwanja, kwa hiyo tuko sawa kama mizani ya mguu wako. Ziada ni kofia yako ya ibada, ambayo utaikuta na nitakueleza ukiwa umeshakula.

Lililobaki ni moja. Jana jioni Mama Mkunga kaleta mchoraji aandike jina ukutani pale uwanjani, maana huko nyuma hapakuwa na jina, palikuwa na wewe tu na kitambaa begani. Mchoraji akauliza aandike nini. Watu wakasema "Pasi na Kitambaa". Mimi nikasema tungoje, wewe uulizwe kwanza, kwa kuwa ukirudi nataka tufanye kazi pamoja, magari yako na mashati yangu, kamba moja, kivuli kimoja, na pasi ikae pale pale. Wewe unasemaje? Na jina lipi litangulie? Nimewaambia nitakubali lolote utakaloandika.

Mchoraji ameshachora "Pasi" kwa penseli, alikuwa hana subira. Sikumzuia. Penseli inafutika, lakini ukutani pale inapendeza, nilipita leo baada ya ibada kuiangalia mara mbili.

Rangi iko kwenye kopo na anasubiri neno lako. Tafadhali nijibu mapema.

Mkeo akupendaye,
Mama Pasi